Jinsi ya Kutafuta Ruzuku ya Kuendesha Darasa la Muziki: Mwongozo kwa Vikundi Vidogo vya Bara na Zanzibar

Vikundi vya taarabu, tangu Ikhwani Safaa ianzishwe Unguja mwaka 1905, vimeishi kwa kiasi kikubwa kwa michango ya wanachama, kwa mialiko ya harusi na kwa desturi ya kutuza, ambapo mama huinuka kitini, akaenda mbele kwa madaha na kuweka noti mkononi mwa mwimbaji kwa ajili ya ubeti uliomgusa. Njia hiyo imelisha muziki wa jukwaani kwa zaidi ya miaka mia moja, lakini haijapata kulisha darasa, kwa sababu hakuna anayemtuza mtoto wa miaka kumi anayejifunza kushika upinde wa fidla. Mtoto huyo atakwaruza nyuzi kwa mwaka mzima kabla hajatoa sauti inayovumilika, na katika mwaka huo mwalimu lazima alipwe, chumba kilipiwe, na nyuzi zinazokatika zinunuliwe. Pengo hilo ndilo linalotupeleka kwa watoa ruzuku.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mweka hazina wa darasa la muziki linalofanyika baada ya saa za skuli, na katika muda huo nimeshiriki kuandika maandiko mengi ya miradi, yaliyokataliwa yakiwa mengi kuliko yaliyokubaliwa. Tulipoyalinganisha baadaye tuligundua kwamba lugha haikuwa tofauti kubwa, na shauku ilikuwa ileile katika yote. Maandiko yaliyokubaliwa yalikuwa yale ambayo kila sentensi yake ilikuwa na daftari nyuma yake. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye madaftari, na habari za wafadhili zitakuja baadaye.

Madaftari matatu

Darasa lolote linalofikiria kuomba fedha mwakani lianze leo kuweka daftari la mahudhurio, daftari la fedha na daftari la vyombo. La mahudhurio liwe na jina la mtoto, umri, jinsia, skuli anayosoma, chombo anachojifunza na alama ya kila kipindi. La fedha lioneshe kila shilingi iliyoingia na iliyotoka, hata ile elfu mbili ya bodaboda iliyobeba ngoma, pamoja na stakabadhi iliyobandikwa au kupewa namba. La vyombo lieleze kila chombo kilitoka wapi, kiko katika hali gani, na nani amekichukua kwenda nacho nyumbani.

Nitaeleza kwa nini nasisitiza jambo linaloonekana dogo. Afisa mmoja wa mfadhili alipotutembelea, tulikuwa tumewapanga watoto uani tayari kumpigia wimbo, kanzu zimenyooshwa na mazulia yametandikwa. Aliwasikiliza kwa adabu kwa dakika tano, kisha akaomba daftari la mahudhurio la kuanzia Machi. Alipitisha kidole kwenye mstari wa binti mmoja anayepiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, akaona nafasi tupu sita mfululizo, zote za siku ya Alhamisi, akauliza kulikoni. Mwalimu alimjibu kwamba saa za madrasa ya binti yule zilibadilishwa, na kwamba baada ya kuzungumza na wazazi tulihamishia kipindi kile Jumamosi asubuhi. Akafungua ukurasa wa pili kumwonesha kwamba tangu siku ile binti hakukosa tena. Afisa aliandika kwa muda mrefu kuliko alivyosikiliza muziki. Ruzuku ile tuliipata, na katika barua yake alitaja Alhamisi zile sita. Wimbo hakuutaja.

Miezi sita ya kumbukumbu za namna hiyo inatosha kuanza kuomba, na mwaka mmoja ni bora zaidi. Kikundi kisicho na kumbukumbu kabisa kisipoteze nguvu kujaza fomu; kianze kuandika, na wakati huohuo kishughulikie usajili.

Usajili

Wengi wetu tunaingia katika jambo hili tukiwa na cheti cha sanaa mkononi tukidhani kinatosha. Cheti cha Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, kinamtambua msanii au kikundi katika kazi ya sanaa. Upande wa Zanzibar kazi hiyo ni ya Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Mtoa ruzuku anataka kuona zaidi ya hapo, yaani taasisi isiyogawana faida, yenye katiba, bodi na wajibu wa kutoa hesabu. Tanzania Bara njia iliyozoeleka ni kusajiliwa kama shirika lisilo la kiserikali chini ya Sheria Namba 24 ya mwaka 2002, ambayo marekebisho yake ya mwaka 2019 yaliweka ukomo wa miaka 10 kwa cheti, baada ya hapo kihuishwe. Zanzibar jambo hili si la Muungano, hivyo jumuiya husajiliwa na Mrajisi wa Zanzibar kwa sheria za Zanzibar, na kikundi kinachofanya kazi pande zote mbili kisijiamulie kwamba cheti kimoja kinatosha kote. Wenzetu wa Kenya nao wana sheria yao ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa mwaka 2013 ikaanza kutumika Mei 2024, na wanaojipanga kuomba kwa pamoja na kikundi cha Mombasa au Lamu waulize mapema mwenza wao amefikia wapi na mabadiliko hayo.

Cheti pekee hakisemi mengi. Mfadhili makini ataomba katiba, orodha ya wajumbe wa bodi, taarifa ya mwaka uliopita, uthibitisho kwamba ada ya mwaka imelipwa, na barua ya benki inayoonesha akaunti kwa jina la taasisi yenye watia saini wasiopungua wawili. Akaunti yenye jina la mwalimu mkuu, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, itakurudisheni nyumbani. Vilevile epukeni bodi ya watu wa nyumba moja. Mume akiwa mwenyekiti, mke akiwa mweka hazina na shemeji akiwa katibu, msomaji wa maombi hatauliza swali lolote, ataweka tu jalada pembeni.

Kwa kikundi ambacho usajili bado haujakamilika kuna njia ya kuingia kwa mgongo wa mwenyeji. Shirika lililosajiliwa, skuli, kituo cha utamaduni au hata chuo hupokea fedha kwa niaba yenu na kuwajibika kwa mfadhili, nanyi mnatekeleza. Njia hiyo ni halali na wafadhili wengi wanaikubali, ilimradi kuwe na makubaliano ya maandishi yanayoeleza mwenyeji atabaki na asilimia ngapi, fedha zitatoka kwake kwa muda gani, na vyombo vitakavyonunuliwa vitakuwa mali ya nani mradi ukiisha. Kipengele hicho cha mwisho kimevunja urafiki mwingi. Kiandikwe wakati bado mnacheka pamoja.

Mtoto mmoja anagharimu kiasi gani

Kabla ya kumtazama mfadhili yeyote, jueni gharama ya kumfundisha mtoto mmoja kwa mwaka. Nitatumia takwimu za mfano tu, kila kikundi kiweke zake. Tuchukue darasa la watoto 24 wanaokutana mara mbili kwa wiki kwa wiki 36, yaani vipindi 72. Walimu watatu, wa udi, wa fidla na wa ngoma, wakilipwa shilingi 20,000 kwa kipindi watachukua 4,320,000. Fidla sita zinazobadilishwa nyuzi mara tatu kwa mwaka zitahitaji seti 18, na kwa bei ya shilingi 35,000 kwa seti hiyo ni 630,000. Nyuzi za udi na za kanuni tuziwekee 450,000, kwa sababu kanuni moja ina nyuzi zinazozidi sabini, na hewa ya chumvi ya pwani haizihurumii. Matengenezo ya vyombo yawe 300,000, kodi ya chumba 1,800,000, mratibu wa nusu siku 3,600,000, na mkaguzi wa hesabu 1,500,000. Jumla ni shilingi 12,600,000, ambayo ukiigawa kwa watoto 24 unapata 525,000 kwa mtoto kwa mwaka.

Sasa andikeni upande wa pili wa ukurasa. Wazazi wakichangia shilingi 5,000 kwa mwezi kwa miezi kumi, na kikundi cha wanafunzi wakubwa kikialikwa mara sita kwa mwaka kwa shilingi 300,000 kila mwaliko, mnakuwa na 3,000,000 zenu wenyewe. Pengo ni 9,600,000, na hilo ndilo mnaloliombea. Mwombaji anayesema "tunahitaji milioni tisa na laki sita kuziba pengo la darasa la watoto 24, na hizi hapa milioni tatu tulizotafuta wenyewe" anasikilizwa tofauti kabisa na anayesema "tunaomba milioni hamsini kuendeleza utamaduni wetu".

Mambo mawili husahaulika sana katika bajeti. La kwanza ni michango isiyo ya fedha. Skuli ikiwapeni chumba bure, kodi ile ya 1,800,000 isifutwe. Iandikwe kama gharama, na upande wa mapato iandikwe kama mchango wa skuli, ikiambatanishwa na barua ya mwalimu mkuu. Vivyo hivyo kwa fundi anayetengeneza udi bila malipo. La pili ni gharama za kuendesha ofisi, ambazo vikundi vidogo huzificha kwa woga wa kuonekana vinataka kula. Mratibu asiyelipwa ataondoka katikati ya mradi, na mfadhili mzoefu analijua hilo kuliko ninyi. Someni mwongozo wake kuona anaruhusu asilimia ngapi, kisha ombeni asilimia hiyo bila haya.

Fedha ikija kwa euro au dola, andikeni chini ya bajeti kiwango cha kubadilishia mlichotumia, cha Benki Kuu ya Tanzania kwa mfano, pamoja na tarehe yake. Shilingi ikipanda au kushuka kabla fedha haijaingia, mtakuwa na mahali pa kuanzia mazungumzo.

Fedha zenyewe ziko wapi

Kwanza tutenganishe ruzuku na mkopo, kwa sababu matangazo mengi yanayosambazwa katika makundi ya simu huchanganya vitu hivyo viwili. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania unajulikana siku hizi zaidi kwa mikopo ya wasanii. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, nayo ni mikopo, ingawa haina riba. Kundi la vijana linaloimba kumbini linaweza kukopa fedha ya spika na kuirudisha. Darasa la watoto halizalishi kitu cha kurejesha, na kulikopea ni kuwatwisha wazazi deni wasilolijua.

Katika ruzuku za kimataifa, Mfuko wa Kimataifa wa Uanuwai wa Utamaduni wa UNESCO ndio unaotajwa zaidi, na ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Umetokana na Mkataba wa mwaka 2005, hutoa hadi dola 100,000 kwa mradi wa miezi 12 hadi 24, na mashirika yasiyo ya kiserikali ya nchi zinazoendelea zilizoridhia mkataba huo yanaweza kuomba. Maombi huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa na hupitia mchujo wa Tume ya Taifa ya UNESCO, kwa hiyo ni busara kufika ofisini kwao mapema badala ya kuonekana kwa mara ya kwanza siku ya mwisho. Jambo la kuzingatia ni kwamba mfuko huu unajenga sekta, yaani sera, stadi za kitaaluma na masoko ya kazi za sanaa. Darasa la watoto 24 haliingii humo peke yake. Linaweza kuingia kama sehemu ya kazi kubwa zaidi, tuseme vyuo vitatu vya muziki vinavyoandaa kwa pamoja mtaala wa kuwafunza walimu.

Mkataba mwingine wa UNESCO, ule wa mwaka 2003 wa urithi wa utamaduni usioshikika, una mfuko wake ambao maombi yake ya hadi dola 100,000 hupokelewa wakati wowote wa mwaka. Ombi hupelekwa na serikali, haliwi la kikundi moja kwa moja. Kama mnawafundisha vijana ngoma ya kiasili ambayo wapigaji wake wamebaki wazee watatu, huko ndiko mahali penu, nayo safari inaanzia kwa afisa utamaduni wa wilaya. Ni safari ndefu. Nawashauri muianze mkiwa na chanzo kingine cha kuwalisha walimu.

Umoja wa Ulaya hutoa ruzuku kubwa ambazo shirika dogo haliwezi kuzibeba wala kuzikagua, na kwa sababu hiyo mara nyingi fedha hizo hupitia taasisi ya kati inayozigawa upya kwa mafungu madogo. Programu ya Ignite Culture kwa Afrika Mashariki ilikuwa ya namna hiyo: fedha zilitoka Umoja wa Ulaya, usimamizi ukawa kwa HEVA, mfuko wa sanaa na ubunifu wa Nairobi, pamoja na British Council. Mafungu haya ya mkono wa pili ndiyo yanayofaa vikundi vyetu, lakini madirisha yake ya maombi hufunguka kwa wiki chache tu, kisha programu nzima inaisha na jina jingine linakuja. Jambo la kufanya ni kujiandikisha kupokea taarifa za taasisi zinazogawa, kama HEVA na African Culture Fund yenye makao Bamako, ili tangazo lilifikie sanduku lenu siku linapotoka, badala ya kuletewa na rafiki siku mbili kabla ya kufungwa. Prince Claus Fund ya Amsterdam nayo ina tuzo za mwanzo za euro 5,000, ila hizo humlenga msanii binafsi aliye mwanzoni mwa safari yake. Mwalimu kijana wa darasa lenu anaweza kuziomba kwa jina lake na kwa kazi yake mwenyewe.

Vituo vya utamaduni vya Ujerumani na Ufaransa, Goethe-Institut na Alliance Française, huombwa fedha za mishahara kila siku, na kwa uzoefu wangu jibu huwa hapana. Waombeni kile walicho nacho kwa wingi: ukumbi, jukwaa, mwalimu mgeni wa wiki mbili, tafsiri ya andiko. Wakala wa Norway wa mabadilishano, Norec, nao hutoa nafasi za watu kwenda na kuja kati ya taasisi na taasisi. Mwalimu wa chelo anayekaa nanyi mwaka mzima kwa gharama ya mpango kama huo ni ruzuku, hata kama hakuna senti iliyogusa akaunti yenu.

Kampuni za hapa nyumbani zinahitaji lugha nyingine. Nchini Kenya, Ghetto Classics inayofundisha muziki wa okestra Korogocho ilipata mgongo wa Safaricom, ambayo tangu mwaka 2014 iliandaa tamasha la jazi ambalo mapato yake yalielekezwa kwenye programu hiyo. Tazameni kilichotokea pale: kampuni ilipata tamasha lenye jina lake, na watoto wakapata walimu na vyombo. Idara ya uhusiano ya kampuni hufikiri kwa matukio na picha, kwa hiyo mnapokwenda kwa benki au kampuni ya simu msipeleke bajeti ya nyuzi. Pelekeni siku moja ya mwaka, mahali, idadi ya wageni, na mwanafunzi atakayesimama kuimba, kisha nyuzi ziingizwe ndani ya gharama za siku hiyo. Hoteli za ufukweni hazihitaji hata hilo. Zinahitaji muziki wa jioni, na mkataba wa mwaka mzima wa maonyesho ya wiki kwa wiki unaweza kuwa na thamani kuliko ruzuku ya mara moja.

Nasema hivyo kwa kuwa tumeona yanayowapata wanaosimama kwa mguu mmoja. Tamasha la Sauti za Busara, pamoja na jina lake kubwa, halikufanyika Februari 2016 kwa kukosa fedha, likarudi mwaka uliofuata. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002 na ambacho kimefundisha udi, kanuni na kidumbaki kwa vijana wengi wa Unguja, kilitangaza mwaka 2019 kwamba kilikuwa ukingoni mwa kufungwa baada ya mikataba ya wafadhili kumalizika, kwa sababu wanafunzi wake wengi hawakumudu hata ada ndogo. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limeacha kazi. Sanaa haikuwa mnufaika mkubwa wa fedha zile, lakini mashirika ya afya na elimu yaliyozipoteza sasa yanapanga foleni kwenye milango ileile ya Ulaya tunayoibisha sisi. Lengeni kwamba chanzo kimoja kisizidi nusu ya bajeti ya mwaka. Mwaka wa kwanza haitawezekana, na hilo si kosa. Liandikwe tu kwenye mpango kwamba mwaka wa tatu iwezekane.

Kuandika andiko la mradi

Someni tangazo mara tatu kabla ya kuandika neno. Mara ya kwanza kutafuta sababu ya kutoomba: je, nchi yetu imo, umri wa shirika unatosha, hesabu zilizokaguliwa zinatakiwa za miaka mingapi? Mara ya pili pigieni mstari maneno ambayo mfadhili anayarudia. Mara ya tatu jiulizeni kwa ukweli kama darasa lenu linafanya jambo hilo tayari. Tangazo likizungumzia ajira kwa vijana nanyi mnafundisha watoto wa miaka minane, msijigeuze. Nimewahi kuandika andiko la kuonesha kwamba taarabu inazuia mmomonyoko wa fukwe, na ingawa tulicheka sana tulipolisoma tena, wiki tatu za mratibu zilikuwa zimekwenda.

Andiko lianze na watoto wenu na mtaa wenu. Wasomaji wa maombi hupokea mamia ya maandiko yanayofungua kwa kusema kwamba muziki ni lugha ya dunia, na hakuna mmoja kati yao anayehitaji kuambiwa hivyo tena. Linganisha na ufunguzi huu: "Katika shehia yetu kuna skuli mbili za msingi, na hakuna hata moja yenye somo la muziki wala chombo. Tangu Januari tumefundisha watoto 24, wasichana 13 na wavulana 11, kwa vipindi viwili kwa wiki. Watoto 21 kati yao wamehudhuria zaidi ya robo tatu ya vipindi." Takwimu hizo zote zimo katika daftari la mahudhurio, na afisa akija mnamfungulia.

Viashiria viwe vichache na vinavyopimika na mwalimu aliyechoka jioni ya Ijumaa. "Watoto 18 wataweza kupiga nyimbo tatu kwa kusoma nota ifikapo Novemba" inapimika. "Jamii itathamini utamaduni" haipimiki, na mwisho wa mwaka itawalazimu mbuni uongo. Vilevile elezeni hatari bila kujificha: mvua za masika huzuia watoto kufika, mwezi wa Ramadhani hupunguza vipindi, mwalimu mmoja anaweza kupata kazi hotelini. Kila hatari na mlivyojipanga nayo. Kwa Ramadhani, kwa mfano, tulihamisha wiki nne za vipindi hadi likizo ya skuli, na jambo hilo likawa katika ratiba tangu mwanzo badala ya kuwa udhuru baadaye.

Viambatanisho ndivyo vinavyoangusha wengi. Rekodi ya sauti ya dakika mbili ya watoto wenyewe, pamoja na makosa yao, inafaa kuliko video ya harusi iliyopambwa. Picha au video yoyote ya mtoto iwe na idhini ya mzazi kwa maandishi, na kama mnarekodi wimbo wa mtunzi aliye hai, mwombeni ruhusa na kuihifadhi, maana hakimiliki ni yake hata kama ni jirani yenu. Barua za kuungwa mkono ziombwe mwezi mmoja kabla. Barua ya sheha au ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa inayosema amewaona watoto wakipita na vyombo kila Jumamosi ina uzito kuliko barua ya mheshimiwa ambaye hajafika.

Kama andiko ni la Kiingereza, liandikeni kwanza kwa Kiswahili mpaka wote mkubaliane, ndipo litafsiriwe. Nimeona darasa ambalo mwalimu wake wa udi alikuja kugundua, fedha ikiwa imeshaingia, kwamba ameahidiwa kufundisha vipindi vinne kwa wiki. Aliyeandika alifikiri amemweleza.

Kuhusu vyombo vya msaada kutoka nje, neno moja tu: ulizeni kodi na gharama za bandari kabla meli haijaondoka, si baada ya kutia nanga. Piano ya bure inayokaa bandarini miezi miwili hugeuka kuwa piano ya bei mbaya, na mara nyingi nyuzi na mbao zake hazikutengenezwa kwa unyevunyevu wa kwetu.

Jibu likija

Likiwa ni kukubaliwa, mkataba usomwe na watu watatu kabla ya kusainiwa, hasa tarehe za taarifa, masharti ya manunuzi na sharti la kurudisha fedha isiyotumika. Kwa mashirika ya Bara, kanuni za mwaka 2018 zinataka mkataba wa fedha inayozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe kwa Msajili wa mashirika hayo na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa, na siku 10 hupita haraka kuliko mnavyodhani wakati wote mko kwenye furaha. Manunuzi ya madukani yawe na risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi. Muuzaji wa nyuzi asiye na mashine atoe stakabadhi yenye jina, saini na simu, na muulizeni mfadhili kwa barua pepe kama ataikubali, kisha jibu lake mlichape na kuliweka kwenye jalada.

Mkitaka kubadilisha matumizi, hata kuhamisha laki mbili kutoka usafiri kwenda nyuzi, andikeni kuomba kabla ya kutumia. Wafadhili wengi hukubali kwa sentensi moja. Wasichokubali ni kuligundua jambo wenyewe kwenye taarifa ya mwisho.

Likiwa ni kukataliwa, ngojeni wiki moja hasira ishuke, kisha ombeni maoni kwa upole. Wapo wasiojibu kabisa. Wanaojibu huwapa kitu cha thamani: mmoja aliwahi kutuandikia mistari minne akisema mradi ulimpendeza lakini hakuona nani angeweka saini ya pili kwenye hundi. Tulifungua upya fomu za benki wiki ile, tukamwongeza mama mmoja mstaafu wa shule aliyekuwa akileta mjukuu wake kila Jumamosi, na dirisha la mfadhili yuleyule lilipofunguliwa mwaka uliofuata tulituma andiko lilelile, lililobadilishwa tarehe, bajeti na ukurasa mmoja wa bodi.